Kisanduku cha Sindano ya Jioni

4 Januari

Shikamoo Shangazi,

Huku hatujambo, wa kulalamika tunalalamika na wa kucheka tunacheka. Nakuandikia barua kwa sababu najua simu yako haishiki mtandao mpaka upande juu ya tangi la maji la hicho chuo unachofundisha, na kwa umri wako huo sitaki kuja kukuuguza kiuno.

Jambo lenyewe ni hili: naomba shahada. Usiruke! Ndiyo, shahada ya uuguzi, mimi Chiriku wako. Miaka mitano na stashahada yangu inatosha. Nimechoka kuambiwa "nenda kamwite mwenye shahada" kila karatasi ikitaka sahihi nzito. Mkuu mpya wa wodi ameniruhusu, ingawa kwanza alininunia wiki nzima.

Nimeuliza huku na huku nikabaki na vyuo vitatu. Cha kwanza ni chuo kikuu cha jiji. Nafasi ni arobaini, na mwaka jana walioomba walipita mia tisa. Ukihitimu pale hakuna hospitali itakayokufungia mlango. Nasikia wana hata wanasesere wa mazoezi wanaopumua na kukohoa. Cha pili ni kile cha hospitali ya rufaa, kule kwenye baridi. Wao wanaangalia alama na barua ya mkuu wa kazi, basi, ila matroni wa bweni anazima taa saa tatu kama yuko jela. Cha tatu ni masomo ya jioni, miaka sita, huku naendelea na zamu. Huko nitahitimu na mvi kichwani.

Moyo wangu uko kwenye kile cha jiji. Lakini wana sharti moja linaloninyima raha. Kila mwombaji anaandika insha: "Eleza kosa ulilowahi kulifanya kazini, lilimdhuru nani, na umejifunza nini." Wewe kosa langu unalijua, Shangazi. Sina haja ya kulitafuta.

Unanishauri nini? Ni wewe uliyenilea baada ya mama, na ni wewe uliyenishika mkono siku ya kwanza nilipoingia wodini. Mwisho wa kutuma maombi ni tarehe 20 Februari.

Mwanao,
Chiriku

*

15 Januari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Kiuno changu hakikuhusu. Na tangi silipandi tena, mkuu wa chuo amepiga marufuku tangu mwalimu wa somo la mifupa alipoteleza akatuonyesha mifupa kwa vitendo.

Nimefurahi, tena sana. Kama ungeniuliza mimi ungeomba tangu mwaka juzi. Sasa nisikilize vizuri, maana najua ukisoma unaruka mistari. Omba cha kwenye baridi. Achana na cha jiji. Watu mia tisa kwa nafasi arobaini, hayo ni maombi au ni bahati nasibu? Na ukipata, mnakuwa wanafunzi kumi na watano mnazunguka kitanda kimoja, mnampumulia mgonjwa wa watu. Kule kwenye baridi wako wachache, walimu wanawajua kwa sura, na mwaka wa pili tayari unashika zamu. Hao wanasesere wanaokohoa utakohoa nao wapi? Mgonjwa mzima wa nyama yupo. Na taa kuzimwa saa tatu kutakufaa, usingizi wako naujua.

Kuhusu hiyo insha: huo ni mtego. Wanakuuliza makosa ili wapate sababu ya kukukata. Kama ni lazima, andika kosa dogo. Andika siku ile ulipompelekea daktari wa zamu uji mwepesi wa mgonjwa wa upasuaji, naye akaunywa wote asiulize kitu. Watacheka, watakupitisha. Hilo lingine liache. Pale kitanda cha tisa wameshalala watu mia tangu siku ile. Unachimbua ya nini?

Sikukatazi. Nakushauri tu, kama mtu anayekutakia mema.

Shangazi yako

*

27 Januari

Shikamoo Shangazi,

Ile ya daktari na uji imenichekesha mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nina homa. Lakini sikukusikiliza, unisamehe. Nimeweka cha jiji kwanza, cha baridi pili. Cha jioni nimekiacha.

Kweli nilijaribu kuandika habari ya uji. Nilifika maneno mia mbili, nikayasoma, nikajiona mwongo. Nikachana. Nikaandika lile lenyewe. Insha nzima nimeiweka kwenye bahasha, lakini sehemu yenyewe ni hii:

"Miaka mitatu iliyopita niliingia zamu ya jioni katika wodi ya wanaume. Mkuu wa wodi, ambaye pia ni shangazi yangu, alikuwa ameitwa ofisini kwenye simu, na toroli la dawa limesimama katikati ya wodi. Nilidhani raundi ya dawa haijaanza. Kitanda cha tisa alikuwepo fundi seremala mwenye kisukari, amesinzia kwa homa. Nilitazama karatasi yake ya dawa nikaona kisanduku cha sindano ya jioni ni kitupu. Nikamchoma insulini. Kabla sijaweka alama, mgonjwa wa kitanda cha kumi akaanza kutapika damu, nikamkimbilia. Chakula cha jioni kilikuwa kimechelewa. Haikufika hata nusu saa, fundi akaanza kutetemeka, akaanguka kutoka kitandani, akavunjika mkono wa kulia. Karatasi yake ilipoangaliwa, kisanduku hakikuwa kitupu. Mkuu wa wodi alikuwa ameshamchoma saa kumi na mbili na robo, na sahihi yake ilikuwepo. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Mkono ule uliunga upande. Fundi hawezi tena kushika randa."

Ndivyo ilivyo, sikuongeza sikupunguza.

Kuna mambo sijawahi kukwambia kwa sababu niliona aibu. Tangu siku ile nimeshapima macho mara tatu. Daktari wa macho ameapa kwamba macho yangu ni mazima, nikamng'ang'ania anipe miwani hivyo hivyo, akanipa ya kioo kitupu ili niondoke. Ninaivaa kazini. Kila karatasi ya dawa naisoma mara tatu, kidole juu ya kisanduku, hadi wenzangu wananiita Mara Tatu. Na kila mwezi, siku yangu ya mapumziko, naenda kwa fundi kumnyoosha mkono. Ananitania, anasema mkono wenyewe umeshanipenda ndiyo maana haupendi kupona. Mkewe ananiwekea kiti. Nikitoka pale siwezi kula.

Sasa, ukurasa wa nyuma wa fomu unamtaka aliyekuwa mkuu wa kazi wakati huo atie sahihi chini ya maneno haya: "Nathibitisha kwamba maelezo ya mwombaji ni ya kweli." Huyo ni wewe. Saini unirudishie kabla ya tarehe 15, tafadhali. Na unisahihishie lugha, si wewe mwalimu bwana.

Mwanao,
Chiriku

*

5 Februari
(Barua hii haikutumwa)

Chiriku mwanangu,

Fomu yako iko mezani, leo siku ya nne. Asubuhi nimefundisha somo la kutoa dawa kwa usalama. Nimesimama mbele ya watoto wa watu nikawaambia kama ninavyowaambia kila muhula: ukishachoma, weka alama kabla mguu wako haujaondoka kitandani. Wote wakaandika. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umewahi kusahau?" Nikamwambia akae chini, anapoteza muda wa wenzake. Alikaa, maskini, akainamisha kichwa.

Kisanduku kilikuwa kitupu.

Haya, nimeandika. Nilimchoma yule fundi, nikaitwa kwenye simu, nikaweka bomba la sindano kwenye trei nikaondoka. Sikuweka alama. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea wauguzi mbele ya wagonjwa kwa kosa hilo hilo! Niliporudi nikakuta mzee anatetemeka sakafuni. Ulisema umemchoma sasa hivi, ukakimbilia chumba cha dawa kufuata glukosi ya kumpandisha sukari. Nikabaki na karatasi yake mbele yangu, na nikaelewa yote papo hapo. Kalamu ilikuwa mfukoni. Nikaandika saa kumi na mbili na robo, nikatia sahihi. Halafu nikapiga magoti nikamshika mzee kichwa, kama muuguzi mwema.

Nilijiambia naandika kilicho kweli, kwani ni kweli nilimchoma saa hiyo. Unaona moyo wa mtu ulivyo mjanja? Nilijiambia wewe bado mdogo, utapewa onyo la maandishi, litasahaulika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita ya kazi na wodi nzima inaniogopa. Na baada ya mwaka nikaletwa huku kufundisha watu uaminifu.

Roho inanisuta mpaka chakula sikioni ladha. Lakini habari za macho sikuzijua. Miwani! Mungu wangu, Chiriku, miaka mitatu unavaa kioo kitupu kwa

Nitakwambiaje? Nikikwambia

*

7 Februari

Mwanangu Chiriku,

Fomu yako hii hapa, nimesaini. Lugha nimesahihisha neno moja tu. Insha yenyewe sina la kusema, umeandika vizuri.

Mafua yamenishika, ndiyo maana barua ni fupi. Hiyo miwani ivue, mtu mwenye macho mazima havai miwani. Na kwa fundi usiende kila mwezi, jipumzishe, umeshafanya zaidi ya wajibu wako. Kosa lile usilibebe kama ni lako peke yako. Wodi ilikuwa na watu wachache, chakula kilichelewa, kulikuwa na mambo mengi.

Nakuombea.

Shangazi

*

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mafua yamekuachia. Keti kwanza.

Niliitwa kwenye usaili wa chuo cha jiji. Tulikuwa themanini kwenye veranda, kila mtu amevaa nguo ya kuazima, wengine wanatembea huku na huku wakikariri midomo ikicheza. Niliingia wa kumi na sita. Walikuwa wanne mezani. Watatu waliniuliza mambo ya kawaida: kwa nini shahada, kwa nini hapa, utafanya nini mgonjwa akikutukana. Nikajibu bila kusita, unanijua mdomo wangu.

Wa nne alikuwa mama mmoja mwenye mvi, ana insha yangu mkononi. Akaniuliza, "Uliona kisanduku kitupu?"

Nikasema, "Niliona."

"Na kilikuwa na sahihi?"

"Ilikuwepo."

"Kesho ukiona kisanduku kitupu, utajuaje kwamba ni kitupu?"

Nikasema siku hizi naangalia mara tatu.

"Na mara zote tatu ukiona kitupu, kama siku ile?"

Shangazi, nilifungua mdomo, hamna kitu. Mimi Chiriku! Mmoja wao akanisogezea glasi ya maji. Yule mama hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anataka kujua kweli. Na mimi jibu sina, kwa sababu nakikumbuka kile kisanduku mpaka leo. Nikifumba macho nakiona, cheupe, hakina hata doa. Ningeapa mahakamani. Sasa mtu anayeweza kuapa kwa kitu ambacho hakipo, anafanya nini na sindano mkononi?

Sasa kaa imara: wamenichukua. Barua imefika juzi, jina langu ni la thelathini na moja kati ya arobaini. Mkuu wa wodi alinikumbatia, wenzangu wakapiga makofi. Nilicheka nao, halafu nikaenda kujifungia stoo ya mashuka.

Sitathibitisha nafasi, Shangazi. Hiyo ya jiji siitaki, na ya baridi pia sitaifuata. Nimefikiri sana. Siku moja macho yangu yatanidanganya tena, na safari hiyo mtu hatavunjika mkono, atakufa. Kuna kozi ya mwaka mmoja ya utunzaji wa kumbukumbu za hospitali, nimeshachukua fomu. Nitapanga mafaili. Faili hata ukiliweka mahali pasipo pake halitetemeki.

Chuo kimetoa muda hadi tarehe 30 Aprili, baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nimeona nikwambie wewe kwanza, usije ukasikia kwa watu. Usinikasirikie. Ulinisomesha kwa shida na najua unaumia.

Mwanao,
Chiriku

*

28 Machi

Chiriku,

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyokuandikia tarehe 5 Februari nikashindwa kuituma. Isome kabla ya hii. Nakusubiri.

Umesoma. Sasa narudia kwa herufi za kusomeka, usije ukadhani ni homa. Kisanduku kilikuwa kitupu. Uliona sawasawa. Macho yako hayajawahi kukudanganya hata siku moja. Sahihi niliiweka mimi baada ya fundi kuanguka, wewe ukiwa chumba cha dawa. Halafu niliandika ripoti kwenye kitabu cha matukio nikalitaja jina lako, na nilipoitwa kwa mkurugenzi nikasema, "Kijana alikuwa na haraka." Na mwezi uliopita nikatia sahihi tena, kwenye fomu yako, kwamba uongo wangu ni ukweli wako.

Nilikusukuma uende kwenye baridi kwa sababu kule hawaulizi makosa. Hakuna sababu nyingine. Yale ya kumpumulia mgonjwa nilitunga pale pale nikiwa nimeshika kalamu.

Sina la kujitetea. Nimetafuta, tena kwa muda mrefu. Kila nikipata sababu nzuri nakuona umekaa kwenye kiti cha daktari wa macho, unasoma herufi ukutani, unasoma zote, unaambiwa uko sawa, halafu unaomba miwani.

Nafasi ile thibitisha. Usiiache kwa ajili yangu. Yule mama mwenye mvi mjibu hivi: "Nikiona kitupu, nauliza aliyekuwa zamu kabla yangu." Hilo ndilo lililokosekana siku ile, wewe kuniuliza na mimi kukwambia.

Mambo mengine yanayonihusu nitayafanya mwenyewe. Sikudai jibu.

Shangazi yako

*

11 Aprili

Leo sitakuamkia.

Barua zako nimezisoma mara moja. Ni kitu cha kwanza nilichosoma mara moja tu kwa miaka mitatu.

Nilikuwa zamu. Nilimaliza raundi yangu yote, nikaweka alama zangu zote, nikakabidhi, nikaenda nyumbani kwa miguu. Sikulia. Nilidhani nitalia. Njiani nilianza kucheka peke yangu, mama mmoja akavuka barabara kunikwepa.

Kuhusu sahihi, naweza kuelewa. Haki ya Mungu naelewa. Mtu ameshikwa na hofu, kalamu iko mfukoni, amefanya. Hata mimi sijui ningefanya nini kwenye nafasi yako. Hata ripoti, basi, ulikuwa umeshaingia, ungetokaje.

Nitakwambia kisichomezeka. Siku ile nilipotoka kwa mkurugenzi na lile onyo, ulinipeleka chumba cha kubadilishia nguo ukafunga mlango. Nilikuwa nalia mpaka siwezi kupumua. Ukalowesha taulo ukanifuta uso, taratibu, kama mtoto. Ukaniambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Na wewe ujisamehe." Nikapiga magoti nikakushika miguu. Nikakushukuru. Unakumbuka? Nilikwambia sijui ningekuwa nani bila wewe.

Ulinisamehe, Shangazi! Ulinisamehe kosa lako!

Halafu ukaninunulia soda.

Miaka mitatu nimekuwa nikikuona wewe ni mtu mwema kuliko wote niwajuao, kwa ajili ya jioni ile. Nimekuwa nikijitahidi nifanane na wewe. Sasa nifanane na nani?

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

(Sisaini. Unanijua.)

*

22 Aprili

Chiriku,

Umenikataza kuandika na nimekukaidi, lakini hii si ya kujitetea. Ni taarifa tu, kwa sababu inakuhusu na ni haki yako kuijua.

Tarehe 14 nilipanda basi nikaja huko. Sikupita kwako. Nilikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali, nikaandika maelezo kurasa tatu mbele yake, nikasaini. Aliniuliza mara mbili kama ninajua ninachofanya, kwa sababu nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikamwambia najua. Onyo lako litaondolewa kwenye faili, nimeahidiwa utapewa nakala. Baraza la wauguzi limeandikiwa, nalo litaniita.

Kisha nilikwenda kwa fundi. Nilimkuta amekaa nje, ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona kama ninastahili kile kiti. Aliweka kikombe chini. Sikujua kama atanifukuza au atanipiga, na angekuwa na haki kwa yote mawili. Mwishowe akauliza neno moja tu: "Yule binti ameshajua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nenda." Mkewe aliingia ndani bila kuniaga.

Huku chuoni nimemwambia mkuu, kisha nikaomba dakika kumi za darasa. Nikamtafuta yule binti wa mbele aliyeniuliza kama nimewahi kusahau, nikamjibu mbele ya wenzake. Sasa sifundishi tena. Wamenipeleka stoo kuhesabu glavu na bandeji mpaka baraza litakapoamua.

Sikuombi unisamehe. Ile kauli nimeitumia vibaya, siwezi kukugeukia na kuitaka.

Tarehe 30 ni Alhamisi ijayo. Tafadhali.

Shangazi

*

29 Aprili

Shikamoo.

Nimeandika insha upya nikaipeleka mwenyewe chuo cha jiji, pamoja na nakala ya maelezo yako. Nilimkuta yule mama mwenye mvi. Alisoma yote tukiwa tumesimama kwenye korido. Nilimwambia kama wanataka kunifuta jina wanifute, kwa sababu insha ya kwanza haikuwa kweli. Akasema ilikuwa kweli kwa kadiri nilivyoijua, akaniuliza sasa kosa langu mimi liko wapi.

Nikamwambia lipo. Nilimkuta mgonjwa amesinzia na toroli limeachwa, sikuuliza mtu. Na nikamchoma nikaondoka bila kuweka alama, sawa na wewe. Ningeweka, ungekuta kisanduku kimejaa, na haya yote yasingekuwepo. Hilo ni langu, Shangazi, usinichukulie. Umeshanichukulia mengi.

Nafasi yangu ipo. Nimethibitisha leo asubuhi. Naanza Septemba.

Fundi anataka mazoezi ya mkono kila mwezi, vidole kwanza, kisha kifundo, dakika ishirini, maji ya vuguvugu. Mimi nitakuwa mbali. Utakwenda wewe. Hatakukaribisha, mkewe hatakuwekea kiti. Utakwenda hivyo hivyo, mpaka wazoee au wakufukuze.

Kuna kitu kimoja zaidi. Fomu ya kuthibitisha inataka jina la ndugu wa karibu wa kupigiwa simu mwanafunzi akiugua au akifikwa na jambo. Nilikaa na fomu ile siku mbili. Nilifikiria kumwandika mkuu wa wodi, nikafikiria kumwandika hata fundi. Mwishowe nimekuandika wewe, kwa sababu sina mtu mwingine, na hilo nalo linaniuma.

Usidhani nimekusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini wakikupigia, uje.

Chiriku